Neno Lililokaa Mkobani Mwangu

Jumatatu, 2 Juni

Nimesali, nimewasha moto, nimechota ndoo mbili. Mto bado umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa. Kuku wamefunguliwa. Uji umeiva kabla jua halijagusa paa.

Komora alikunywa nusu kikombe akalala. Palepale kwenye kigoda. Kikombe mkononi, kidevu kifuani. Mume wangu, mzee wa kanisa, mpiga pondo wa mtumbwi wa watoto wa shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Niliinama nikamnusa mdomo. Uji na ndimu. Hakuna kingine.

Sikuridhika. Nimenusa mara ngapi sasa? Mwezi mzima. Miaka kumi na moja tangu aache pombe ya mnazi na kuokoka, na mimi nimerudi kunusa kama zamani. Sipendi. Lakini mtu halali hivi bure.

Nilimwamsha nikampa kidonge chake cha asubuhi. Ule mkanda wa jeshi uliomshika mbavu kabla ya Pasaka umepona juu ya ngozi, ila maumivu yamebaki chini kama moto wa pumba za mpunga. Asubuhi kimoja, mchana kimoja, jioni kimoja. Ndivyo ilivyochorwa kwenye bahasha ya kliniki. Sijakosa hata mara moja.

Akachukua pondo lake, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akaenda kivukoni.

Jumatano, 4 Juni

Nitaandika polepole.

Nilikuwa nafua mtoni. Nimeona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Mtumbwi ulikuwa katikati, watoto kumi na wanne wa ng'ambo wanakuja shuleni upande wetu. Komora amesimama nyuma na pondo. Kichwa chake kikaenda chini. Kikarudi. Kikaenda tena, hakikurudi.

Pondo likamponyoka. Maji yakaushika mtumbwi ubavu, yakautupa kwenye kile kisiki cha mkuyu. Hawayu wa darasa la nne akatumbukia. Nilipiga yowe hata sijui nilisema nini. Msichana mkubwa mmoja akamdaka sweta, akavuta, wenzake wakamshika yeye miguu. Juzi tu mamba amechukua mbuzi pale chini kidogo.

Wote wamefika. Wote. Mungu wangu, asante, sina neno lingine.

Komora alishuka amelowa mpaka kifuani, macho mazito bado. Mzee Maro, mwenyekiti wa kamati ya kivuko, alikuwa amesimama ukingoni. Hakumuuliza kama ameumia. Pondo lilikuwa limeelea hadi kwenye matete. Akaliokota akalitia kwapani, akaenda nalo kwake.

Hiyo hapa kwetu Hewani ni zaidi ya kuandikiwa barua. Aliyenyang'anywa pondo haketi mbele ya mtumbwi wala nyuma. Akivuka anaketi katikati, pamoja na watoto na mikungu ya ndizi. Kila anayemwona anajua.

Wakati naanua nguo nikasikia wanawake nyuma yangu wakisema, "Mnazi wa Kilelengwani huo. Si mchezo." Wakacheka. Sikugeuka. Nilikasirika mpaka nikasahau kipande cha sabuni jiweni.

Nilimkasirikia nani? Nitasema ukweli hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Nilimkasirikia Komora.

Ijumaa, 6 Juni

Wazee wa kanisa wamemwita. Wamemwambia Jumapili asisimame mbele, asisome neno, apumzike kidogo. Apumzike! Yeye ambaye kazi yake siku hizi ni kupumzika.

Alirudi akaapa kwa jina la Mungu kwamba hajaonja mnazi tangu siku aliyobatizwa. Nikamwambia asiape, jina hilo si la kuchezea. Nikamwambia mengine pia. Nilimkumbusha mwaka aliolala kwenye shamba la watu. Nilimkumbusha mama yangu alivyolia. Maneno ya miaka kumi na moja nilikuwa nimeyaweka, kumbe hayajaoza.

Nikiwa katikati ya kusema, akalala. Kwenye kiti. Mimi nasema, yeye anakoroma.

Nilichukua bakuli la mboga nikalipiga chini. Hakushtuka. Nikaokota mboga mwenyewe, moja moja, nikilia kwa hasira.

Saa ya kidonge ilipofika nikampa. Haya, meza. Angalau maumivu yasiwe sababu.

Jumapili, 8 Juni

Aibu.

Maombi ya toba, kanisa lote kimya, na mume wangu anakoroma safu ya tatu. Nilimfinya paja. Akasema "Amina" kwa sauti, watoto wakaangua kicheko.

Mchungaji akahubiri habari za Nuhu na shamba lake la mizabibu. Sikuzaliwa jana. Najua Nuhu aliletwa kwa ajili ya nani.

Nje, Mama Buya wa chama chetu cha akina mama akanishika mkono mbele ya watu. "Mama Jillo, dada yangu, mzee wetu leo ametafakari sana." Wote wakatazama chini, mabega yanacheka. Mimi nikacheka nao. Ndicho kinachoniuma zaidi. Nilicheka nao.

Nimeomba jioni lakini maombi yangu yalikuwa kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi.

Jumatatu, 9 Juni

Mzee Maro ametangaza: mkutano Jumamosi, hapo kivukoni. Pondo apewe mtu mwingine moja kwa moja. Kazi ya Komora ya miaka saba. Na jina lake liandikwe kwenye daftari la kamati kwamba ameondolewa kwa ulevi, ili kijiji chochote cha mtoni kikituma kuuliza kijue.

Komora amesikia. Kisha akasema jambo moja tu, kwamba hajui usingizi huu unatoka wapi, unamjia kama mtu anamfunika blanketi la maji. Akaniuliza kama namwamini.

Nilienda kuangalia kuku.

Nieleze kwa nini, japo ni kwa karatasi tu. Mimi nilishafikiri labda ni dawa. Mara ya pili tulipokwenda kliniki Garsen, mwezi wa tano, nilimwambia daktari kwa mdomo wangu, huyu mzee tangu aanze vidonge analala sana, analala akiongea, analala akila. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye daftari letu la kliniki, akatupa bahasha nyingine. Hakusema neno. Basi nikajiambia, mtu aliyesomea amesikia na hakushtuka, kwa hiyo si dawa. Na kama si dawa ni nini? Namjua Komora wa zamani. Nikaanza kunusa.

Kesho naenda Garsen na ndizi. Vidonge vinaisha, nitapitia kliniki kuongeza. Daftari limo mkobani siku zote. Nililivika jalada la karatasi ya kaki, ni safi kuliko daftari la mtoto yeyote wa shule hii. Sijawahi kulifungua kusoma. Mwandiko wa daktari si wetu.

Jumanne, 10 Juni

Nimerudi. Sijala. Nimekaa kwanza niandike, la sivyo nitapasuka.

Niliteremsha ndizi kwenye baraza la duka la Bi Halima, kama kawaida. Halima ni Msomali, anauza nguo na mchele, tumezoeana tangu watoto wetu wakiwa migongoni. Binti yake Sahra yuko likizo, anasomea uuguzi. Nikamwomba anisomee tarehe ya kurudi kliniki, macho yangu hayaoni vizuri karibu.

Sahra akafungua. Akasoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili. Kisha akaniuliza, "Mama, huyu baba analala sana?"

Nikaona joto limenipanda usoni. Nikadhani habari za Hewani zimefika mpaka Garsen. Nikamuuliza kwa ukali, nani amekwambia?

"Imeandikwa hapa, mama."

Akaweka kidole. Neno moja la Kiingereza, refu, limelala kwenye mstari na alama mbili za kujumlisha mbele yake. Somnolence. Nikamwambia alitamke tena. Akatamka. Nimesoma mpaka darasa la saba, najua sleep, najua sleepy. Hili sijawahi kulisikia popote, kanisani, redioni, wala kwa mwalimu.

Sahra akanieleza vizuri, Mungu ambariki. Ni usingizi mzito wa mchana, ule unaomchukua mtu bila ruhusa yake. Watu wa kawaida wakizungumza hawalitumii. Hata Wazungu wenyewe, alisema, mtu hamwambii mkewe neno hilo anapotaka kulala. Ni la kuandikwa. Liko kwenye karatasi za dawa na vitabu vya hospitali, na zile alama mbili maana yake ni kwamba umezidi. Akasema dawa hii ya maumivu ya mishipa inajulikana kwa hilo. Akachukua bahasha, akasoma jina, akatikisa kichwa. Mara tatu kwa siku, akasema, mtu wa umri huu, lazima alale.

Halima akaacha kupima mchele. "Na nyinyi kule mmemwita mlevi?" Nilikuwa nimemsimulia asubuhi, kwa uchungu. "Wallahi Mama Jillo, mume wako amesingiziwa bure, na dawa unampa wewe."

Nikatazama tarehe. Ni siku ile ile. Siku niliyosema, huyu mzee analala sana. Kumbe daktari alinisikia. Aliandika nilichosema. Neno langu mwenyewe, lilitoka mdomoni mwangu likiwa Kiswahili cha mtoni, likavishwa suti na tai, likarudishwa kwenye mkoba wangu, na mimi nikalibeba wiki tano bila kulitambua. Nimelibeba kanisani. Lilikuwa chini ya kiti wakati Nuhu anahubiriwa. Lilikuwa mkobani wakati nacheka na Mama Buya.

Nilikwenda kliniki. Sikupanga foleni. Mungu nisamehe, nilimpita mama mwenye mtoto.

Daktari ni kijana, amechoka, benchi lake lilikuwa limejaa mpaka nje. Nikaweka daftari mezani nikaweka kidole. Nikamuuliza hili ni nini.

Akatazama. Akasema, "Lakini mama, niliandika."

"Uliandikia nani?"

Nikarudia, uliandikia nani? Daftari ni langu. Nimelinunua mimi, limekaa nyumbani kwangu. Anayelifungua ni wewe tu. Umejiandikia barua ukanipa mimi nikubebee.

Muuguzi alichungulia mlangoni. Nilikuwa nimepaza sauti. Sijapaza sauti mbele ya mtu wa koti jeupe maisha yangu yote.

Akaniambia nikae. Akauliza, na ndiyo mara ya kwanza aliuliza, mzee anafanya kazi gani. Nikamwambia. Anavusha watoto mtoni kwa mtumbwi. Akaweka kalamu chini. Akashika kichwa. Akasema alidhani mkulima, kwamba mkulima akisinzia atalala kivulini, kwisha. Nikamwambia kuhusu Hawayu na sweta. Rangi ilimtoka.

Akapunguza dawa. Jioni tu, kimoja. Asishike pondo wala asipande pikipiki mpaka usingizi uishe. Akaandika hayo yote, kwa Kiingereza.

Nikamwambia aandike kwa Kiswahili chini yake. Akatabasamu kidogo, akasema hakuna anayeandika Kiswahili kwenye haya madaftari. Nikamwambia leo yupo. Nikakaa. Foleni ikanguruma. Akaandika, mistari mitatu, herufi kubwa kama za mtoto: mgonjwa huyu anasinzia kwa sababu ya dawa tuliyompa, si kwa sababu ya pombe. Akapiga muhuri. Akasema pole, mama. Alisema akiangalia muhuri, lakini alisema.

Sijapoa bado.

Alhamisi, 12 Juni

Jana sikuweza kuandika. Nilimwambia Komora.

Nilimpa daftari kwanza, akasoma mistari mitatu ile, akaisoma tena kwa kidole. Hakufurahi nilivyodhani. Alikaa tu. Ndipo nikaona lazima nimwambie na langu. Nikamwambia nilikuwa nakunusa. Kila ulipolala, nilikuinamia nikakunusa mdomo.

Akasema, "Najua."

Akasema siku nyingine hakuwa amelala kabisa. Alisikia natembea, akafunga macho, akaniachia ninuse, akadhani nikikosa harufu nitaamini.

Nilikaa jikoni mpaka moto ukazima.

Hasira yangu kwa daktari ni kubwa. Ila daktari hamjui Komora. Mimi namjua miaka ishirini na sita. Daktari aliandika kwa lugha nisiyoijua, sawa. Komora aliniambia kwa lugha ninayoijua, nikaenda kuangalia kuku.

Jumamosi, 14 Juni

Mkutano kivukoni, saa nne asubuhi. Watu wengi kuliko mazishi. Mzee Maro na pondo la Komora limesimamishwa pembeni yake. Mchungaji yumo. Mama Buya yumo, safu ya mbele.

Nilisimama mimi. Mwanamke hasimami kwanza, najua. Nilisimama.

Nikasoma neno lenyewe, nimejifunza kulitamka mpaka ulimi ukauma. Nikaeleza maana yake kama Sahra alivyonieleza. Nikasema nani alilisema kwanza, ni mimi, na nani aliliandika, na nani hakuambiwa.

Mmoja nyuma akasema, "Hata mlevi ana jina lake la Kizungu." Kicheko.

"Ndiyo maana nimeleta na la Kiswahili," nikamwambia. Nikampa Mzee Maro daftari. Akasoma kimya. Akalishikilia kwenye jua kuona muhuri. Akasoma tena kwa sauti, polepole, mpaka lile la pombe.

Akanirudishia daftari.

Aliyesimama halafu ni mama yake Hawayu. Nilijua ananichukia na ana haki. Akasema hataki mwanawe avushwe na mtu anayesinzia, awe amesinzia kwa mnazi au kwa dawa au kwa Biblia. Maji hayaulizi sababu. Watu wakaitikia. Kisha akamgeukia Komora, akasema, "Lakini baba Jillo, mimi mwenyewe nimekuita mlevi mbele ya watoto wangu. Hilo narudisha."

Huyo peke yake. Katika watu wote wale, yule aliyekaribia kufiwa.

Uamuzi: pondo halirudi sasa. Mpaka dawa iishe na kamati imwone yuko macho mwezi mzima. Nilitaka kubisha, nikakosa mahali pa kushika. Ni haki. Mimi mwenyewe niliona kichwa kile kikienda chini.

Nikasema sawa, lakini daftari la kamati liandikwe sababu. Neno ulevi lisiwemo. Mzee Maro akasema ataandika "ugonjwa". Nikasema hapana, mzee, si ugonjwa, andika dawa. Akaandika. Nilisimama juu ya bega lake mpaka nukta ya mwisho.

Mchungaji hakufungua mdomo.

Jumapili, 15 Juni

Ibada. Mchungaji alitangaza tumwombee mzee wetu anayeumwa. Basi. Hakuna neno juu ya Nuhu. Wiki iliyopita sauti ilifika mpaka kwa wachunga ng'ombe wa Orma kule malishoni, leo ameumwa koo.

Mama Buya ameleta sinia la wali nyumbani. Hakusema kwa nini. Nimelipokea, nimeosha sinia, nitarudisha na maembe, maana ndivyo tulivyolelewa. Lakini kusamehe bado. Mungu ananiona, sitamdanganya. Bado.

Jumatano, 25 Juni

Maji yamepungua, kisiki cha mkuyu kimetokea chote, cheusi.

Komora alivuka leo kwenda kuangalia mpunga wetu ng'ambo. Aliketi katikati, kama desturi. Nilikuwa nafua. Mtumbwi ulirudi ukiwa na watoto, maana leo shule ilifunga mapema, wengine walivuka kwenda na kurudi kwa mchezo tu. Hawayu alikuwa amekaa karibu naye, anamwonyesha kitu kwenye daftari la hesabu. Komora alikuwa macho. Nilitazama mpaka waliposhuka. Macho kabisa.

Maumivu yamerudi kidogo, amesema, ila anayaweza. Kidonge ni cha jioni tu.

Nimeandika lile neno ukurasa wa mwisho wa daftari la kliniki, ndani ya jalada la kaki, na maana yake pembeni kwa mkono wangu. Yakija mengine nitayaandika hapo pia. Nitauliza kila moja kabla sijaondoka kwenye kiti.

Baada ya chakula alijilaza kwenye mkeka barazani. Jua la mchana, kuku wamelala nao. Nilitoka na beseni la vyombo nikamkuta amefumba macho, mdomo wazi kidogo, anapumua taratibu. Nilisimama. Mguu wangu ulishazoea, ulipiga hatua moja kumwelekea.

Nikaurudisha. Nikachukua leso yangu begani nikamfunika miguu, inzi wasimsumbue, nikaenda kuosha vyombo.